Waliogombania Walimu

Paulo alikuwa ndiyo kwanza anataka kufungua kinywa. Walikuwa wamemkokota mpaka mbele ya kiti cha hukumu, katikati ya uwanja wa soko la Korintho, na washtaki walikuwa wamekwisha kusema yao: mtu huyu anawavuta watu wamwabudu Mungu kinyume cha sheria. Zamu ikawa yake. Kabla hajatamka neno, liwali akamkatisha, akawaambia washtaki kwamba haya ni mabishano juu ya maneno na majina na sheria yao, wakayamalize wenyewe. Akawafukuza. Umati ukamgeukia Sosthene, mkuu wa sinagogi, ukampiga palepale mbele ya kiti, na liwali hakushughulika.

Liwali huyo ndiye Galio. Wanahistoria humthamini kwa sababu ya tarehe. Jiwe lililovumbuliwa Delphi, lenye barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja kwa jina, linatuwezesha kusema kwamba alikuwa Akaya, jimbo lenye Korintho, mnamo mwaka 51 na 52 BK, na miaka mingine ya maisha ya Paulo huhesabiwa kuanzia hapo, mbele na nyuma. Mimi ninavutwa na jambo jingine: Galio alikuwa mtoto wa nani.

Alizaliwa Hispania, katika mji wa Corduba, akaitwa Lucius Annaeus Novatus. Mdogo wake ni Seneca, mwanafalsafa aliyekuwa mwalimu wa Nero. Baba yao, Seneca Mkubwa, alipenda balagha, yaani sanaa ya kuhutubia, kuliko kitu chochote. Alijisifu kwamba ujanani aliweza kutajiwa majina 2,000 na kuyarudia yote kwa mpangilio uleule. Uzeeni aliwaandikia wanawe watatu kumbukumbu za wasemaji mashuhuri aliowahi kuwasikia: huyu alianzaje, yule alifungaje, mwingine aliteleza wapi. Mmoja wa wasemaji hao, Junius Gallio, alimchukua Novatus kuwa mwanawe wa kupanga, ndipo jina likabadilika. Kwa hiyo aliyemnyima Paulo nafasi ya kujitetea alikuwa mtu aliyekulia kwenye hotuba kama mtoto wa mvuvi anavyokulia kwenye nyavu.

Hotuba ya Paulo siku ile haikutolewa. Lakini miaka michache baadaye, kanisa dogo aliloliacha katika mji huo lilipasuka, na chanzo cha mpasuko kilikuwa hichohicho kilichokuwa kikizungumzwa mezani kwa akina Seneca: nani anajua kusema, nani amesomeshwa na nani, na wewe ni mtu wa nani.

Ili tuuelewe mpasuko huo inabidi tuanze mbali kidogo na kanisa, kwa mtoto wa miaka 7 anayetoka nyumbani alfajiri. Hatembei peke yake. Yuko naye mtumwa wa nyumba yao, mara nyingi mzee ambaye nguvu za kazi nzito zimemwishia. Wagiriki walimwita paidagogos, maana yake mwongoza mtoto. Ndiye aliyebeba vibao na kinubi, aliyemlinda mtoto njiani dhidi ya watu wenye nia mbaya, aliyemfundisha namna ya kukaa mezani na namna ya kupita mbele ya wakubwa. Hakuwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa kumfikisha mtoto kwa mwalimu na kumrudisha salama, na alikuwa na fimbo. Katika sanamu ndogo za udongo zilizobaki tunamwona mzee mwenye ndevu, amejitanda joho, gongo mkononi.

Shuleni hapakuwa na meza. Mtoto alikaa kwenye kigoda, kibao kilichopakwa nta magotini, kalamu yenye ncha upande mmoja na ubapa wa kufutia upande wa pili. Alijifunza herufi kutoka alfa mpaka omega, akazirudia kinyumenyume, akaingia kwenye silabi, kisha majina, kisha mstari wa mshairi ambao mwalimu aliuandika juu ya kibao ili yeye aunakili chini. Mchanga mkavu wa Misri umetuhifadhia vitu hivi kwa wingi: vigae, mafunjo, mbao. Kibao kimoja cha karne ya 2, ambacho sasa kipo London, kina mistari ya Menander, mtunzi wa michezo ya kuchekesha, kwa mwandiko uliotulia wa mwalimu. Chini yake mtoto ameinakili mara mbili, herufi zikiyumba. Viboko vilikuwa jambo la kila siku, kiasi kwamba Quintilian, mwalimu mkubwa wa Roma katika karne ya kwanza, alipoandika kwamba mtoto huru hapaswi kupigwa, alikuwa anapingana na desturi ya dunia yake yote.

Wengi walikomea hapo, kama walifika. Watoto wa wenye nacho waliendelea kwa mwalimu wa lugha, wakamsoma Homer mstari kwa mstari, neno kwa neno, mpaka wakawa wanamwota. Na wachache zaidi, karibu wote wavulana, walipokaribia miaka 15 waliingia kwa mwalimu wa balagha. Huko walipitia mazoezi yaliyopangwa kama ngazi. Walieleza upya hekaya za wanyama. Walichukua kisa kifupi cha mtu maarufu, kwa mfano mwanafalsafa Diogenes aliyemwona mtoto mtundu akampiga yule mtumwa mlezi badala ya mtoto, wakakigeuza huku na huku, wakakirefusha, wakakifupisha, wakakitetea, wakakipinga. Walitunga sifa, na wakatunga lawama. Wakafika kwenye zoezi la ulinganisho: weka watu wawili kwenye mizani, uonyeshe nani amemzidi nani. Zoezi hilo msomaji alikumbuke, tutakutana nalo tena.

Kileleni walihutubia kesi za kubuni. Seneca Mkubwa ametuachia moja. Kijana ametekwa na maharamia, anamwandikia baba yake amkomboe, baba anakataa. Binti wa mkuu wa maharamia anamfungulia minyororo kwa kiapo kwamba atamwoa. Wanarudi, anamwoa. Sasa baba anamtaka amwache, aoe yatima mwenye mali, kijana anagoma, baba anamkana. Haya, simama umtetee kijana. Kesho simama umtetee baba. Vijana wa miaka 17 walitoka jasho kwa kesi za namna hii kwa miaka kadhaa, na aliyehitimu aliweza kusimama mbele ya baraza lolote la mji akasikilizwa. Fani hii ililipa. Kaisari Vespasian aliamua walimu wa balagha wa Kilatini na wa Kigiriki walipwe sesterce 100,000 kwa mwaka kutoka hazina, na Quintilian akawa wa kwanza kuzipata.

Elimu hii ilitoa watu wenye uwezo mkubwa, na sitaki kuidharau. Lakini pamoja na ufasaha ilipanda kitu kingine: kijana alikuwa mali ya mwalimu wake. Alilipa ada, akaketi miguuni pake, akaiga sauti yake, akatembea nyuma yake mjini, akamtukania wapinzani. Tunayo barua ya mafunjo kutoka Oxyrhynchus, Misri, ya mwishoni mwa karne ya kwanza, ambamo kijana aitwaye Neilos anamlalamikia baba yake, Theon, kwamba Aleksandria hakuna walimu wanaofaa, ada ni kubwa, na yule aliyepo ni mtu wa mikoani tu. Afadhali ajisomee na kwenda kuwasikiliza wasemaji wanaohutubia hadharani. Baba yuko mbali, fedha zinatoka kwake, na heshima ya ukoo mzima inaning'inia kwenye jina la mwalimu atakayepatikana.

Walimu walipogombana, wafuasi waligombana zaidi, na wakati mwingine miji mizima ilijitosa. Katika karne ya 2 Polemo na Favorinus walichukiana hadharani. Smyrna ikasimama na Polemo, Efeso ikasimama na Favorinus. Favorinus huyohuyo alipendwa sana Korintho, wakamsimamishia sanamu mahali pa heshima katika maktaba yao. Baadaye walipomchoka wakaiondoa. Dio wa Prusa, aliyeandika katika kizazi kilichofuata kile cha Paulo, anachora picha ya michezo ya Isthmia, mwendo mfupi kutoka Korintho: kandokando ya hekalu la Poseidon wasofisti, wale walimu wa balagha wa kulipwa, wanapiga kelele na kutukanana, wanafunzi wao wanapigana, huku mwandishi mmoja akisoma utunzi wake ambao hakuna anayeusikiliza, na mchuuzi akiuza bidhaa. Anaiweka picha hiyo katika zama za Diogenes, lakini anayesoma anaona wazi kwamba Dio anasimulia alichokiona kwa macho yake.

Korintho ilikuwa na sababu zake za kuzidisha. Mji wa kale ulikuwa umebomolewa na Mummius, jemadari wa Roma, mwaka 146 KK, wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa. Ukakaa magofu karibu miaka 100. Mwaka 44 KK Julius Caesar aliuanzisha upya kama koloni la Kirumi, na wengi wa aliowapeleka walikuwa watumwa walioachwa huru. Mahali penyewe palikuwa pa neema. Mji ulikaa kwenye shingo ya nchi yenye upana wa kilomita 6 hivi, bandari ya Lekayo ikitazama Italia, bandari ya Kenkrea ikitazama Asia, na katikati barabara ya mawe iliyotumika kuburuta mizigo na mashua nchi kavu ili mabaharia wasizunguke rasi yenye dhoruba huko kusini. Fedha ilipita mikononi mwa watu ambao babu zao walikuwa wamesimamishwa sokoni wakauzwa. Hawakuwa na nasaba ya kujivunia. Walichoweza kununua ni maandishi kwenye mawe yenye majina yao, viti vya mbele kwenye tamasha, na mwalimu wa balagha kwa ajili ya watoto wao. Mtu aliyesema vizuri hakuna aliyemuuliza bibi yake alikuwa nani.

Katika mji huo aliingia Paulo mnamo mwaka 50. Msofisti alipoingia mji mpya alikuwa na taratibu zake: alitangaza siku, alikodi ukumbi au alialikwa kwenye nyumba ya tajiri, akawaomba wasikilizaji wamtajie mada yoyote, akaihutubia papo kwa papo. Akishangiliwa, wanafunzi walijiandikisha na ada zikalipwa. Paulo hakufanya hivyo. Alimtafuta Akila, Myahudi mwenzake aliyefukuzwa Roma pamoja na mkewe Prisila kwa amri ya Klaudio, na kwa kuwa wote walikuwa na ufundi wa kushona mahema, akakaa kwao akafanya kazi. Baadaye aliwakumbusha Wakorintho kwamba alifika kwao akiwa dhaifu, mwenye hofu na kutetemeka, bila madoido ya maneno. Ada hakutoza. Kwa wapagazi na watumwa hilo halikuwa kasoro. Kwa mwenye nyumba aliyelipia kusomesha watoto wake, mwalimu mwenye sugu mikononi aliyekataa ada alikuwa aibu: mtu anayejua thamani yake angewezaje kufundisha bure?

Alikaa mwaka mmoja na miezi 6. Kanisa likazaliwa, likikutana nyumbani kwa watu. Krispo alikuwa amewahi kuwa mkuu wa sinagogi. Gayo alikuwa na nyumba ya kuwapokea wote. Erasto alishika hazina ya mji. Hao ndio wachache. Paulo mwenyewe anasema kwamba wengi wao hawakuwa wenye hekima kwa kipimo cha dunia, wala wenye vyeo, wala wa ukoo bora.

Kisha akaja Apolo.

Alitoka Aleksandria, mji wa maktaba kuu na wa Philo, Myahudi aliyeisoma Torati kwa macho ya Plato. Matendo ya Mitume yanampa sifa ambayo Paulo hapewi popote katika kitabu hicho: msomi, mwenye ufasaha, hodari katika Maandiko. Alipofika Efeso akaanza kuhubiri kwa moto, lakini mambo mengine alikuwa hajayapata sawasawa. Prisila na Akila, wale washona mahema wa Korintho ambao sasa walikuwa huko, wakamchukua kando wakamweleza kwa usahihi zaidi. Inanigusa kila ninapofika hapo. Msemaji aliyepikwa Aleksandria anakaa chini, anafundishwa na mwanamke fundi, na hakuna dalili kwamba aliona vibaya. Ndugu wa Efeso wakamwandikia barua ya utambulisho, akavuka bahari kwenda Akaya, akawashinda wapinzani hadharani kwa hoja.

Fikiria nyumba ya Gayo jioni ile Apolo alipohutubia mara ya kwanza. Wale waliosomeshwa wakakaa wima. Hatimaye amepatikana mtu wa kumwalikia jirani! Hotuba ina kichwa, ina kiwiliwili, inapanda na kushuka pale inapotakiwa. Na wale waliobatizwa na Paulo, walioujua ugumu wa miezi ya mwanzo, wakaona jina la baba yao linafifia. Hapo mizani ya shuleni ikatolewa mfukoni. Weka Paulo huku, Apolo kule. Nani amemzidi nani?

Habari zilimfikia Paulo akiwa Efeso, kwenye mwaka 54 hivi. Waliozileta ni watu wa nyumba ya Kloe, na hilo tu ndilo tunalolijua kuwahusu. Huenda walikuwa watumwa au wahudumu wake waliosafiri kwa biashara yake. Watu wasiokuwa na mwalimu wa kujivunia, waliochoka kuwasikia wakubwa wakibishana juu ya vichwa vyao. Walisema kila mtu sasa anajitangaza kuwa wa fulani: huyu wa Paulo, huyu wa Apolo, huyu wa Kefa, yaani Petro, na huyu wa Kristo.

Kwa karne nyingi wasomaji wamejaribu kugundua mafundisho manne nyuma ya majina hayo manne. Ferdinand Christian Baur wa Tübingen, mwaka 1831, aliona humo vita kati ya Ukristo wa Petro na Ukristo wa Paulo, na akajenga juu yake historia nzima ya kanisa la mwanzo. Mimi siisomi barua hivyo. Hakuna mahali Paulo anapokanusha fundisho la Apolo, hata nusu ya sentensi. Anachokishambulia sura baada ya sura ni kujivuna kwa ajili ya mtu, kujaa upepo kwa kumpendelea huyu dhidi ya yule, na kuidai hekima ya maneno. Ugomvi wa namna hiyo ulikuwa na kwao: ni ule wa kwenye uwanja wa Poseidon, umehamia kwenye meza ya Bwana.

Jibu lake ni mojawapo ya maandishi mazito ya karne ile. Anauliza kama yeye Paulo ndiye aliyesulubiwa kwa ajili yao. Anashukuru kwamba hakubatiza wengi, akiwataja Krispo na Gayo. Kisha anakumbuka na nyumba ya Stefana, na karani anaandika hivyohivyo bila kurudi kufuta. Anasema msalaba ni upuuzi kwa wenye hekima, na hapo tuelewe ukali wa neno lake: msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa, kitu ambacho mtu mstaarabu hakukitaja mezani, na yeye anauweka mahali ambapo msemaji huweka sifa za mhusika wake. Yeye alipanda, anasema, na Apolo akatia maji. Mkulima si kitu, mwotesha ni Mungu. Kisha anawarudisha darasani: mngali watoto, nimewanywesha maziwa, chakula kigumu hamkiwezi. Kumwambia hivyo mtu aliyejiona amehitimu!

Na hapo ndipo tunapokutana tena na yule mzee mwenye gongo. Katika sura ya 4 Paulo anawaambia kwamba hata wakiwa nao kumi elfu katika Kristo, baba hawana wengi. Kumi elfu wa nini? Tafsiri ya Kiswahili iliyozoeleka makanisani mwetu imeandika waalimu. Kigiriki kinasema paidagogoi. Ni wale watumwa wa kumpeleka mtoto shule! Neno letu ni zuri, lakini limemwinua mtumwa yule mpaka kwenye kiti cha mwalimu, na kiini cha kauli kikapotea. Paulo anawaambia: hawa mnaowagombania, na mimi nikihesabiwa miongoni mwao kwa namna mnavyotuhesabu, ni wabeba vibao. Mistari michache baadaye anauliza wanataka aje kwao na upendo au na fimbo, na msikilizaji wa Korintho hakuhitaji kuelezwa ni fimbo ya nani.

Mtu huyu anayesema hakuja na hekima ya maneno anajua maneno. Alizaliwa Tarso, mji ambao mwanajiografia Strabo anausifu kwa bidii ya elimu, ingawa yeye anahesabu kulelewa kwake kuwa ni miguuni pa Gamalieli, Yerusalemu. Katika barua hiyohiyo ananukuu mstari kuhusu marafiki wabaya unaohesabiwa kuwa wa Menander, mtunzi yuleyule ambaye mtoto wa kile kibao cha nta alikuwa akihangaika kumnakili. Anaikata hoja kama mtu aliyeona hoja zikikatwa. Kwa hiyo siamini kwamba hakuweza. Naamini alichagua, na uchaguzi huo ulimgharimu.

Mwishoni mwa barua kuna mstari wasomaji huuruka kwa sababu umekaa kati ya salamu na mipango ya safari. Paulo anasema amemsihi sana Apolo aende Korintho pamoja na ndugu, naye hakutaka kabisa kwenda wakati huo. Atakwenda akipata nafasi. Basi wote wawili walikuwa wanaonana huko Efeso wakati majina yao yanatumiwa kama bendera za vita ng'ambo ya bahari. Paulo hakumzuia mpinzani asirudi, alimbembeleza arudi. Apolo ndiye aliyekataa. Sababu haikuandikwa. Mimi nimeshawishika kwamba alijua makofi yatakayompokea, na hakuyataka.

Mpasuko haukukaa kwenye majina tu. Walipokusanyika kula, mmoja alikuwa na njaa na mwingine amelewa. Chumba cha kulia cha nyumba ya Kirumi kilikuwa na makochi matatu, na juu yake walilala watu 9 hivi. Waliosalia walisimama au kuketi uani. Mwenye nyumba aliwaita ndani watu wa aina yake, waliokuwa na nafasi ya kufika mapema, na mpagazi wa Kenkrea alifika jua limezama akakuta makombo. Ukisoma barua kwa mpangilio, sura za mwanzo kuhusu ufasaha na sura ya 11 kuhusu chakula zinaonekana kama mambo mawili. Kwa mpagazi yule lilikuwa moja. Walewale waliobishana juu ya mtindo wa hotuba ndio waliokuwa wamelala kwenye makochi.

Barua ile haikuwatuliza wote. Walifika walimu wengine, wenye barua za sifa mikononi na wasioona haya kupokea malipo, nao wakatoa ulinganisho wao. Paulo mwenyewe ametuhifadhia hukumu yao: barua zake ni nzito na kali, lakini akiwapo mwenyewe ni dhaifu, na usemaji wake si kitu. Wamesema mwili na sauti, kama majaji wa shindano la hotuba, ambako sura, mavazi na mikono vilihesabiwa sawa na maneno. Hakupinga. Alikubali kwamba katika usemaji yeye ni idiotes, mtu asiyefuzu fani. Halafu akafanya jambo la kutisha. Wanataka ulinganisho? Akachukua lile zoezi la shuleni na kulijaza vitu ambavyo hakuna mwalimu angeruhusu. Wao ni watumishi wa Kristo? Yeye zaidi: kwa vifungo, kwa viboko 39 mara tano, kwa fimbo mara tatu, kwa mawe, kwa merikebu kuvunjika, kwa njaa, kwa baridi. Na pale ambapo msemaji humalizia kwa tendo kubwa la ushujaa, Paulo anasimulia usiku aliotoroka Dameski, akishushwa ukutani ndani ya kapu. Jeshini, askari wa Kirumi aliyekuwa wa kwanza kuupanda ukuta wa adui alivikwa taji la dhahabu. Paulo anajisifu kwa kushushwa.

Paulo na Wakorintho walipatana, angalau kwa muda. Baadaye alikuwa tena Korintho, akila kwa Gayo, akimwamuru Tertio aandike barua ndefu kwa Warumi, na Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, akitambulishwa kwa wasomaji wake kwa maneno ya heshima.

Lakini mnamo mwaka 96 kanisa la Roma lililazimika kuwaandikia Wakorintho barua nyingine. Wazee wa kanisa walikuwa wameondolewa kwenye nafasi zao na kikundi cha waliokuwa wadogo kwao. Barua hiyo, inayoitwa ya Klementi, ina sura 65 na imejengwa kama hotuba ya kusihi mapatano, aina ambayo wanafunzi wa balagha waliijua vizuri. Inawaambia waichukue ile barua ya Paulo waisome tena. Zamani, inasema, mligawanyika, lakini angalau mliwagombania mitume na mtu waliyemthibitisha. Leo mnagawanyika kwa ajili ya mtu mmoja au wawili. Mwandishi anataka pia watoto wa kanisa wapate malezi ya Kristo, na anatumia neno paideia, lilelile walilotumia Wagiriki kwa elimu yao yote. Roma ilituma na watu watatu kuipeleka: Claudio Ephebo, Valerio Bito na Fortunato. Karibu mwaka 170 Dionisio, askofu wa Korintho, aliandika kwamba waraka wa Klementi ulikuwa bado unasomwa kanisani kwao.

Na zaidi ya miaka 200 baada ya hapo, Antiokia, kasisi aitwaye Yohana alikuwa akizifafanua barua za Korintho mbele ya waumini, hotuba 44 kwa barua ya kwanza peke yake. Alikuwa amesomea balagha, na wanahistoria wa kanisa wanasema mwalimu wake alikuwa Libanius, msemaji mkuu wa kipagani wa zama zile. Vizazi vilivyofuata vilimwita Krisostomo, kinywa cha dhahabu. Alipofika kwenye maneno ya Paulo kuhusu hekima ya maneno, aliwasimulia kwamba aliwahi kumsikia Mkristo akibishana na Mgiriki nani msomi zaidi, Paulo au Plato, na Mkristo akajitahidi kuonyesha kwamba ni Paulo. Yohana alisikitika. Ungesema, aliwaambia, kwamba Paulo hakusoma, na bado alimshinda Plato. Sasa umeitupa silaha yako mwenyewe.

Baadaye alipelekwa Konstantinopoli kuwa askofu. Huko, karibu mwaka 400, alikuwa akifafanua Matendo ya Mitume, kitabu kilichotusimulia habari za Galio na kinywa kile kisichofunguliwa. Watu walikuwa na desturi ya kupiga makofi kanisani, kama kwenye ukumbi wa wasofisti. Aliwaeleza kwa uchungu kwamba makofi humfurahisha kwa kitambo kidogo, maana naye ni binadamu, lakini akirudi nyumbani huugua akikumbuka kwamba waliosikia hawakupata chochote. Akawaomba waweke kanuni siku ileile: asikilizwe kwa ukimya, mtu yeyote asipige makofi msemaji anaposema. Walipoisikia kanuni hiyo, wakampigia makofi.